Frances Glessner Lee: Bibi aliyejenga nyumba za wanasesere ili polisi wajifunze kutazama

Katika ofisi ya daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jimbo la Maryland, mjini Baltimore, Marekani, yamehifadhiwa masanduku 18 ya vioo. Ndani ya kila sanduku mna nyumba, au sehemu ya nyumba, iliyojengwa kwa kipimo cha inchi moja kwa kila futi moja, hata mtu mzima wa humo hapiti urefu wa kiganja cha mkono. Mna jiko lenye viazi vilivyoanza kumenywa, vitanda vilivyotandikwa, kalenda ukutani, soksi zilizofumwa kwa mkono, makopo ya chakula yenye karatasi zake, magazeti. Mna pia wanasesere, na katika kila sanduku yupo angalau mmoja ambaye ni maiti.

Aliyezijenga nyumba hizo ni Frances Glessner Lee, mwanamke tajiri aliyezaliwa Chicago mwaka 1878 na kufariki dunia mwaka 1962. Hakuwa daktari, hakuwa mwanasheria, wala hakuwahi kusoma chuo kikuu. Hata hivyo, katika historia ya uchunguzi wa vifo vyenye utata nchini Marekani, ni vigumu kupita bila kulitaja jina lake. Njia aliyoipitia ilikuwa ya ajabu: aliichukua burudani ya wanawake wa tabaka lake, ile ya kujenga na kupamba nyumba za wanasesere, akaifanya kuwa darasa la askari.

Kucheza na vitu vidogo hakuhitaji utajiri. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kama ilivyo katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbarara, mtoto hufinyanga nyumba kwa udongo, huunda gari kwa waya na vifuniko, na hufungua duka chini ya mti, mchanga ukiwa sukari na majani yakiwa noti. Huko Ulaya mchezo huo wa duka una historia ndefu. Wafanyabiashara wa Ujerumani waliwapatia watoto wao vijiduka vya mbao vyenye droo, mizani na makopo, ili wazoee kupima na kuhesabu kabla ya kukabidhiwa duka la kweli. Katika karne ya 18, mjane mmoja wa ukoo wa watawala, Augusta Dorothea wa Arnstadt, alitumia miaka mingi kuunda mji mzima wa wanasesere alioupa jina la Mon Plaisir, wenye jumba la mtawala, soko, wauzaji na mafundi wa kila namna. Mji huo ungalipo katika makumbusho ya Arnstadt. Nchini Uholanzi, wake wa matajiri walijaza makabati kwa vyumba vya wanasesere ambavyo gharama yake iliweza kulingana na ya nyumba ya kuishi watu.

Lakini katika nyumba hizo zote hapakuwa na uchafu, ulevi wala damu. Zilionesha dunia kama wenye mali walivyopenda ionekane. Lee alitumia mikono ile ile na subira ile ile kuonesha dunia ambayo matajiri hawakutaka kuitazama.

Nyumba ya mawe mjini Chicago

Baba yake, John Jacob Glessner, alipata utajiri kwa kuuza mashine za kilimo. Mwaka 1902 kampuni yake iliungana na nyingine na kuzaliwa International Harvester, kampuni kubwa ya mashine za kuvunia na, baadaye, matrekta. Mwaka 1887 familia ilihamia katika nyumba kubwa ya mawe kwenye barabara ya Prairie Avenue, iliyochorwa na msanifu majengo Henry Hobson Richardson. Kwa nje ilifanana na ngome. Majirani wengine hawakuipenda hata kidogo. Leo ni makumbusho. Wakati wa joto familia ilikwenda katika shamba lao liitwalo The Rocks, katika milima ya jimbo la New Hampshire.

Frances na kaka yake George hawakupelekwa shule. Walifundishwa nyumbani na walimu binafsi, wakakaa chumba kimoja cha masomo. Mama yao alikuwa mtu wa kazi za mikono: alifuma, alishona, alifua vyombo vya fedha, alifuga nyuki. Binti alijifunza kwake kushika sindano na kutovumilia kazi iliyofanywa ovyo. Mpaka hapo watoto hao wawili walikuwa sawa. Umri wa chuo ulipofika, George alikwenda Harvard, na dada yake akapelekwa Ulaya kutembea, kisha akatambulishwa rasmi katika jamii ya matajiri kama msichana aliye tayari kuolewa. Inasimuliwa kwamba alitamani udaktari. Kama alitamani, hakukuwa na mlango wa kuingilia: Chuo cha Tiba cha Harvard hakikupokea mwanafunzi wa kike hata mmoja hadi mwaka 1945.

Mwaka 1898, kabla ya kutimiza miaka 20, aliolewa na Blewett Lee, mwanasheria kutoka kusini mwa Marekani. Walipata watoto watatu. Ndoa haikutulia. Waliachana mwaka 1914, wakati ambapo talaka katika tabaka lao ilikuwa aibu ya kunong'onwa. Frances alibaki mama wa watoto watatu, akiishi kwa fedha za wazazi wake na chini ya macho yao.

Kazi yake ya kwanza kubwa ya vitu vidogo aliimaliza mwaka 1913, kama zawadi kwa mama yake aliyependa muziki. Aliunda okestra nzima ya Chicago, wapigaji 90, kila mmoja na chombo chake, mavazi yake na karatasi zake za muziki. Alihudhuria mazoezi ya okestra na kuwachora wapigaji ili kila mwanasesere afanane na mwenyewe, upara kwa upara na ndevu kwa ndevu. Baada ya hapo aliunda kikundi kingine cha wanamuziki wanne. Huo ndio uliokuwa upeo wa kile alichoruhusiwa kufanya kwa akili yake, naye alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 35.

Daktari mwenye masimulizi

Rafiki wa kaka yake tangu siku za Harvard alikuwa George Burgess Magrath, daktari aliyekuwa mchunguzi wa vifo mjini Boston. Mwaka 1929 Lee na Magrath walijikuta wote wamelazwa Boston, na katika siku hizo ndefu za kupona daktari alimsimulia kesi zake. Nyingine zilikuwa za ushindi. Nyingi zilikuwa za hasara: maiti iliyosogezwa kabla ya kutazamwa, bunduki iliyoshikwa na kila aliyeingia chumbani, damu iliyokanyagwa, chumba kilichosafishwa kwa nia njema.

Ili kuelewa uchungu wa Magrath yafaa kujua utaratibu wa wakati ule. Sehemu kubwa ya Marekani, aliyeamua kama kifo ni cha kawaida, cha ajali, cha kujiua au cha kuuawa hakuwa daktari. Alikuwa mtu aliyechaguliwa kwa kura, kwa desturi iliyotoka Uingereza karne nyingi zilizopita. Aliweza kuwa seremala, mwenye kuuza majeneza au mfuasi wa chama aliyepewa nafasi kama shukrani. Massachusetts ndiyo iliyotangulia kuuacha utaratibu huo, mwaka 1877, na kuiweka kazi mikononi mwa madaktari. Hata huko, daktari alifika baada ya polisi, na polisi hawakuwa wamefundishwa chochote kuhusu maiti. Hakuna aliyekuwa akiwafundisha.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa eneo la Maziwa Makuu. Mtu akifariki, tendo la kwanza ni kumsitiri: kumfumba macho, kumnyoosha, kumwosha, kufagia pale alipolala ili waombolezaji wapate pa kukaa. Ni heshima, na anayeiacha hulaumiwa. Lakini pale kifo kinapokuwa na mashaka, heshima hiyo hiyo huuondoa ushahidi mlangoni pamoja na takataka. Na kwa familia zilizokimbia vita mashariki mwa Kongo, ambazo ndugu zao walizikwa bila mtu yeyote kuuliza walikufaje na kwa mkono wa nani, suala la nani ana wajibu wa kuuliza haliwezi kuwa la Marekani peke yake.

George, kaka yake, alifariki mwaka huo huo wa 1929. Mama akafuata mwaka 1932, na baba mwaka 1936. Ni neno zito kulisema, lakini wasifu wake hauwezi kulikwepa: Frances Glessner Lee alianza kuishi maisha aliyoyachagua mwenyewe baada ya kuzika familia aliyozaliwa nayo. Alikuwa na zaidi ya miaka 50, alikuwa na fedha, na hakukuwa tena na wa kumkataza.

Alianza na Harvard, chuo kilekile kisichowapokea wanawake katika udaktari. Mwaka 1931 alitoa fedha za kuanzisha nafasi ya ualimu wa tiba ya kisheria, akaishika Magrath. Mwaka 1934 alikipa chuo maktaba ya vitabu kama 1,000 kuhusu fani hiyo, vingi vikiwa adimu, alivyovikusanya yeye mwenyewe. Mwaka 1936 aliongeza dola 250,000 ili kuwe na idara kamili. Daktari Alan Moritz aliteuliwa kuiongoza, akapelekwa kwanza Ulaya kujifunza, kwa sababu Marekani haikuwa na wa kumfundisha. Magrath alifariki mwaka 1938.

Fedha zake zilipokewa kwa mikono miwili. Maoni yake yalipokewa kwa kidole kimoja. Lee hakuwa mtu mwepesi: alitaka kujua kila kitu, aliandika barua nyingi, alikasirika na hakuficha. Wakubwa wa chuo walimwona bibi tajiri anayepaswa kubembelezwa. Uhusiano huo ulibaki wa mvutano hadi mwisho.

Karakana ya The Rocks

Wazo la nyumba ndogo lilitokana na tatizo la kawaida la mwalimu. Askari hawezi kupelekwa kila mara mahali penye mauaji ili ajifunze. Kesi haimngojei mwanafunzi, na mahali penyewe huharibika kwa kila mguu unaoingia. Picha hazitoshi, kwa kuwa picha imekwisha kuchagua kitu cha kuoneshwa. Kilichohitajika ni mahali pa tukio pasipoharibika, panapoweza kutazamwa na watu mia kwa zamu, na ambapo kila aliyekosea anaweza kuanza upya.

Katika miaka ya vita, akiwa The Rocks, Lee alianza kazi pamoja na seremala wa shamba hilo, Ralph Mosher. Baadaye mwana wa Mosher, Alton, aliendelea nayo. Seremala alijenga kuta, milango, ngazi na samani. Lee alishona, alifuma, alipaka rangi na kukagua. Soksi za wanasesere alizifuma kwa kutumia pini mahali pa sindano, chini ya kioo cha kukuzia. Sigara zilisokotwa kwa tumbaku halisi. Madirisha yalifunguka, funguo ziligeuka kwenye vitasa, taa ziliwaka, mtego wa panya ulifyatuka. Kwa banda la ng'ombe, mbao zilitolewa kwenye banda la zamani ili zionekane zimekula miaka. Kwa kibanda kilichoungua, nyumba ilijengwa nzima kwanza, ikapambwa, ndipo ikachomwa moto kwa kiasi kilichokusudiwa. Mafundi wanaweza kuhukumu wenyewe moyo unaotakiwa kuchoma kazi ya wiki nyingi.

Umakini huo haukuwa wa kujionesha. Askari akiona kasoro moja, kiti kisicholingana au mlango wa kuchora, ataanza kuutazama mchezo wa wanasesere badala ya kuitazama nyumba. Na kwa kuwa kila kitu humo huenda kikawa ushahidi, hakuna kitu kilichoweza kuwekwa bila sababu: tarehe ya kalenda, kiasi cha maziwa yaliyobaki, nguo zilizoanikwa, upande ambao pazia limevutwa.

Kazi iliyomtaka uangalifu zaidi ilikuwa maiti. Lee aliwatengeneza wanasesere mwenyewe na kuwapaka rangi kwa kufuata mafunzo ya madaktari. Damu ya aliyekufa hutuama upande wa chini na kuacha rangi ya zambarau chini ya ngozi. Aliyekufa kwa hewa ya mkaa hubaki mwekundu kama aliyepata usingizi mzuri. Mwili hukakamaa saa chache baada ya kifo, kisha hulegea tena. Nyumba zake zinamtaka mtazamaji ajue mambo hayo na ajiulize kama yanaafikiana na maneno ya mashahidi. Jumla alitengeneza nyumba 20, kwa mwendo wa takriban tatu kwa mwaka, na kila moja iligharimu maelfu ya dola za wakati ule. Alizipa jina la pamoja linaloweza kufasiriwa kuwa Masomo ya Vifo Visivyoelezeka ndani ya Ganda la Kokwa.

Jiko, banda na nyama ya kusaga

Nyumba inayojulikana zaidi ni ile ya jiko. Ni mchana wa Aprili 1944. Mke wa nyumba amelala sakafuni, amekufa. Mabomba ya gesi yako wazi, na mianya ya milango imezibwa kwa magazeti. Mume anaeleza kwamba alikwenda mjini kwa shughuli fulani, akarudi na kukuta mlango umefungwa kwa ndani. Ukitazama upesi, ni mwanamke aliyejiua. Lakini ndani ya tanuri mna kitu kilichookwa, kwenye sinki mna viazi vinavyomenywa, na nguo zinapigwa pasi. Mtazamaji anaachiwa swali la kibinadamu kabla ya lile la kisayansi: ni nani huandaa chakula cha jioni ambayo hakusudii kuifikia?

Katika banda, mkulima ananing'inia kwenye kamba. Mkewe anaeleza kwamba mumewe alikuwa na tabia: kila walipogombana na akakosa alilolitaka, alikwenda bandani, akapanda juu ya ndoo, akajivisha kitanzi na kutishia kujiua mpaka abembelezwe. Siku hiyo ndoo ilikuwa na kazi nyingine, akapanda juu ya kasha la mbao. Kasha limepasuka, mguu umepenya. Hapo mchunguzi analazimika kupima neno la mjane dhidi ya ubao uliovunjika.

Katika bafu lenye giza, mwanamke wa nyumba ya kupanga yumo ndani ya beseni, maji yanamtiririkia usoni na miguu imesimama wima pembeni. Chupa ya pombe iko sakafuni, na usiku huo alikuwa na wageni wa kiume. Ni rahisi kusema alilewa, akaanguka, akazama. Ila miguu iliyokakamaa haisimami hewani yenyewe, na jambo hilo lafaa kumfanya askari arudi nyuma hatua mbili.

Ya nne ina duka ndani yake, ingawa duka lenyewe halionekani. Msichana ametumwa mjini kununua nyama ya kusaga kwa ajili ya chakula cha jioni, hakurudi, na baadaye anakutwa ameuawa katika sebule ya nyumba ya mchungaji iliyofungwa. Kifurushi cha nyama kipo pembeni yake, kimeoza. Mwenye kujua nyama huharibika kwa muda gani katika joto la Agosti ameshika saa mkononi.

Kesi hizi Lee alizitunga kutokana na matukio halisi, akibadilisha majina na mahali. Majibu hayakuandikwa kwenye masanduku. Na baadhi ya nyumba hazikukusudiwa kutoa jibu la mwisho. Zilikusudiwa kumzuia mtazamaji asiliharakishe.

Kapteni

Mwaka 1943, akiwa na miaka 65, Lee aliteuliwa kuwa kapteni katika polisi wa jimbo la New Hampshire, akisimamia mafunzo. Anatajwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa nchini humo kupewa cheo cha namna hiyo. Wasomaji wanaoishi karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, nje kidogo ya mji wa Mbarara, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya amri tangu zamani, hawahitaji kuelezwa uzito wa vyeo. Hiki hakikuwa cha kuongoza askari uwanjani. Lakini kilimpa kitu ambacho fedha hazikuwa zimempa: askari alipoingia darasani kwake, hakukutana na bibi wa hisani bali na afisa.

Kuanzia mwaka 1945 semina zilifanyika Harvard, za wiki moja, mara mbili kwa mwaka, kwa maafisa waliochaguliwa kutoka majimbo mbalimbali na hata nje ya nchi. Asubuhi walifundishwa sumu, majeraha, risasi na maji. Kisha ikaja zamu ya nyumba. Kila afisa alipewa nyumba mbili na dakika 90, tochi na karatasi yenye maelezo ya mashahidi. Aliagizwa kutazama kwa mpangilio: aanzie upande wa kushoto, azunguke kama mishale ya saa, akiingia ndani taratibu, na asiifikie maiti mpaka amekwisha kukiona kila kitu kinachoizunguka. Ndipo alipotoa taarifa yake mbele ya wenzake. Wengi walikuwa wanaume wenye miaka mingi kazini. Nyumba zile ziliwaonesha jinsi walivyozoea kuamua mlangoni.

Mwisho wa wiki Lee aliwaandalia chakula katika hoteli ya Ritz-Carlton, vyombo vikiwa vya thamani na mpangilio wa viti akiwa ameupanga yeye. Wapo waliocheka karamu hizo. Lakini askari wa ngazi ya chini aliyeketishwa meza moja na profesa na kuhudumiwa sawa naye alirudi nyumbani akijua kwamba kazi yake ni taaluma. Mwandishi wa riwaya za upelelezi Erle Stanley Gardner alihudhuria semina, akawa rafiki yake na kumtabaruku kitabu. Mwaka 1950 ilitoka filamu ya Mystery Street, iliyotokana na kazi ya idara ya Harvard.

Yapo ya kumkosoa. Takriban nyumba zote alizojenga ni za watu maskini au wa hali ya kati: wafanyakazi wa viwandani, walevi, wanawake waliouza miili, wapangaji wa vyumba vya bei nafuu. Jumba kama alilolelewa yeye halimo. Mtu anaweza kuona humo jicho la tajiri linaloamini kwamba uhalifu unakaa kwa wengine, na katika baadhi ya maelezo ya kesi hukumu juu ya pombe na tabia hutangulia ushahidi. Lakini wingi wa waliokufa ndani ya masanduku ni wanawake, wamekufa ndani ya nyumba zao, jikoni, kitandani, bafuni, mahali ambapo vifo vyao vilikuwa rahisi kuitwa ajali au huzuni na faili kufungwa. Kwamba afisa wa polisi wa miaka ya 1940 alilazimishwa kukaa dakika 45 mbele ya jiko la mwanamke mmoja asiyejulikana, akihesabu viazi, hilo halikuwa jambo dogo.

Katika mji wake huo huo wa Chicago, wakati huo huo, alikuwapo mwanamke mwingine wa vitu vidogo, Narcissa Thorne, ambaye vyumba vyake 68 vya kifahari vinatazamwa hadi leo katika makumbusho ya sanaa ya jiji hilo. Vyumba vya Thorne ni vizuri kupita kiasi, na hakuna mtu ndani yake. Wawili hao wakiwekwa bega kwa bega, tofauti inaeleza zaidi kuliko maelezo marefu.

Baada yake

Lee alifariki dunia The Rocks tarehe 27 Januari 1962, akiwa na umri wa miaka 83. Harvard haikuitunza idara kwa muda mrefu: ilifungwa mwaka 1967. Nyumba zake zingeweza kuishia stoo, au mahali pabaya zaidi, kama si Russell Fisher, daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo wa Maryland aliyepata mafunzo katika idara hiyo. Alizihamishia Baltimore mwaka 1968. Maryland ilikuwa mahali panapostahili, kwa kuwa tangu mwaka 1939 jimbo hilo lilikuwa limekwisha kuwaondoa wachunguzi wa kuchaguliwa na kuweka madaktari kote. Majimbo mengine yalifuata, mengine hayajafuata. Hadi leo ziko sehemu nyingi za Marekani ambako anayeamua sababu ya kifo huchaguliwa kwa kura na si lazima awe amesoma udaktari.

Kati ya nyumba 20, moja iliharibika na moja ilikutwa miaka mingi baadaye The Rocks. Mwaka 2017 zote 19 zilizosalia ziliwekwa pamoja kwa umma katika jumba la Renwick la taasisi ya Smithsonian mjini Washington, hadi Januari 2018. Kabla ya maonesho, mafundi wa kuhifadhi sanaa walizikagua moja moja. Waligundua kwamba adui mkubwa alikuwa taa zile zile ambazo Lee aliziweka kwa uangalifu: joto la globu za zamani lilikuwa likizichoma nyumba polepole, likipindisha vitu na kuchakaza rangi. Walizibadilisha kwa taa za kisasa zisizotoa joto, wakirekebisha rangi ya kila moja mpaka mwanga ukarudi kuwa ule alioukusudia, kwa sababu mwanga nao ni sehemu ya kesi.

Semina yenye jina lake inaendelea kufanyika Maryland. Maafisa bado hupewa tochi, karatasi na muda, na hupelekwa mbele ya masanduku yale yale. Majibu rasmi yanatunzwa na ofisi hiyo wala hayatangazwi, ili nyumba ziendelee kufundisha.